Noti ya Bandia Humshukia Mnyonge



Jarida hili ni la wakulima wa karafuu, na khabari zake aghlabu ni za mikarafuu, majamvi, makonyo na bei. Lakini safari hii twawaomba wanachama watuvumilie tuwachukue mbali na bahari, hata Mpanda katika Mkoa wa Katavi, magharibi ya Tanzania Bara. Jambo tunalotaka kulisema ni la noti za bandia, na la njia ya kulipana pasipo kupeana noti mkononi. Twaona jambo hili huonekana wazi zaidi mtu akilitazama kwanza katika nchi ya wengine, kisha akarudi kujitazama nyumbani kwake.

Mpanda ni mji uliokuzwa na reli na madini. Tawi la reli kutoka Kaliua lilifikishwa huko mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Mgodi ule ulifungwa, lakini watu hawakuondoka, wakashika jembe. Leo nchi ile yatoa mahindi, mpunga, tumbaku na asali. Mwaka 2012 Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na Mpanda ikawa makao makuu yake. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 1 na laki 1. Maana yake ni kwamba katika miaka 10 tu watu wa mkoa ule wamezidi mara mbili. Wamo wafugaji na wakulima waliotoka mikoa mingine kutafuta ardhi, na wamo watu wa Katumba na Mishamo, ambao wazee wao walikimbia Burundi mwaka 1972, na wengi wao sasa ni raia wa Tanzania.

Kwa nini twayataja haya? Si kwa kusema kwamba mgeni ni mwizi. Mungu atuepushe na maneno hayo. Twayataja kwa sababu noti ya bandia haipendi mahali watu wanapojuana. Ukipewa noti mbaya na jirani yako, kesho utabisha hodi kwake, na yeye kwa haya au kwa wema atakubadilishia. Bali ukipewa na mnunuzi aliyekuja na lori asubuhi akaondoka jioni, utambishia hodi nani? Katika nchi ya namna ile, ambako watu wapya ni wengi, mazao yote huiva kwa mara moja na fedha nyingi humiminika katika majuma machache, mwenye kughushi amekwisha kupata soko lake tayari. Naye mkulima akaaye mbali huhesabu bunda la noti chini ya mti, jua likizama, na dereva akimhimiza. Tena Benki Kuu ya Tanzania haina tawi Mpanda. Tawi linaloitazama Nyanda za Juu Kusini liko Mbeya, na kufika huko ni safari ndefu ya kupitia Sumbawanga.

HALI YETU SISI

Sasa na turudi visiwani. Je, hayo ya Mpanda hayatuhusu? Twasema yatuhusu sana. Msimu wa karafuu nao huwaita watu wasiojuana. Wachumaji hutoka vijiji vingine, na wengine huvuka bahari kuja kuchuma. Msimu wetu nao ni mfupi, na fedha zake huja kwa mkupuo. Nasi kadhalika aghlabu hulipana magharibi, karafuu mbichi zikisha kupimwa kwa pishi, taa ni hafifu na kila mtu ataka kwenda kwake.

Mwanachama apelekaye karafuu kavu kituoni kuuza hana khofu kubwa, kwa kuwa pale pana mizani, pana karani, na pana stakabadhi yenye jina lake. Hatari huanza hatua ya pili, baada ya fedha kutoka kituoni. Mwenye shamba humlipa mkodi, mkodi humlipa msimamizi, msimamizi humlipa mchumaji, na mchumaji hulipa dukani. Hapo hapana stakabadhi wala jina, pana noti tu. Na mbaya kuliko yote ni ile biashara ya kununua karafuu kwa vikombe, inayofanywa kwa kificho. Mtu aliyeuza kwa kificho hawezi kwenda kushitaki kwamba amelipwa noti ya bandia, maana akifungua kinywa amejishitaki nafsi yake.

Yafaa tuieleze vizuri khasara hii, kwa sababu wengi huifanyia mzaha. Noti ya bandia ya Shilingi 10,000 haimdhuru kila aliyeishika, bali humdhuru mtu mmoja tu, yule wa mwisho. Tuseme mnunuzi ameiingiza sokoni; mwenye duka akaipokea bila ya kujua, akampa msimamizi wa shamba kama chenji; msimamizi akaigundua, akaona uchungu, akaichomeka katikati ya malipo ya wachumaji. Mama aliyepanda mikarafuu tangu alfajiri akapewa ile noti, akenda nayo dukani kununua unga, ikakataliwa mbele ya watu. Yeye sasa ndiye wa mwisho. Akiipeleka benki, itashikwa asilipwe kitu badala yake, na hiyo ndiyo kanuni ya nchi zote, kwani kama Benki Kuu zingelilipa noti za bandia, zingelikuwa zinawalipa mishahara wenye kughushi. Siku nzima ya kazi imepotea, na aliyeipoteza ni yule ambaye hakuwa na nguvu ya kumwambia mkubwa wake, "Bwana, hii nibadilishie."

Kwa hiyo twasema waziwazi kuwa mtu aliyegundua noti ya bandia akampa mwenziwe kwa kujua, si mjanja, ni mwizi. Tena ni mwizi wa namna mbaya, kwa kuwa amemwibia aliye chini yake. Dini zetu zatukataza, na sheria ya nchi yamhesabu kuwa ni mkosaji. Tunayo desturi ya kusema, "Nami nilipewa." Neno hilo halimtoi mtu katika lawama, kwa kuwa aliyekanyaga mwiba haruhusiwi kuuchomoa akautega njiani kwa wenziwe.

NOTI NI AMANA

Si vibaya tukikumbushana kwamba noti haikuwa na nguvu yake kwa sababu ya uzuri wa karatasi. Katika Vita Kuu ya kwanza, Wajerumani walipokatiwa njia ya bahari, walichapisha noti humu humu Tanganyika kwa karatasi walizozipata, na za mwaka 1917 zilichapwa kwa vifaa duni kabisa. Huko Tabora, jirani na nchi hiyo ya Mpanda tuliyoitaja, karakana ya reli ilifua mwaka 1916 sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye sura ya tembo. Dhahabu ile ilikuwa na thamani yake yenyewe, lakini karatasi ilitegemea neno la aliyeitoa.

Tena mwaka 1925 nchi ya Ureno ilipata msiba wa ajabu. Mtu mmoja jina lake Artur Alves dos Reis alighushi barua na mikataba kwa jina la Benki ya Ureno, akaidanganya kampuni kubwa ya uchapaji ya London, Waterlow and Sons, ikamchapia noti za escudo 500 zenye picha ya Vasco da Gama. Noti zile zilitoka katika mitambo ile ile iliyochapa noti za halali, na hapana jicho lililoweza kuzitenga. Alijulikana baada ya kuonekana noti zenye namba zilizofanana. Wanachama wazee watapenda kujua kwamba kampuni hiyo ya Waterlow ndiyo iliyochapa noti za rupia za Zanzibar zilizoanza mwaka 1908, ambazo zilitumika hata zilipoingia shilingi za Afrika ya Mashariki mwaka 1936. Basi funzo letu ni hili: jicho na kidole ni walinzi wazuri, lakini si walinzi watoshao. Kilichomfichua Mreno yule ni hesabu iliyoandikwa.

Hata hivyo, jicho na kidole tusiviache. Noti halali ina maandishi yaliyoinuka kidogo, na kidole kikipita juu yake hukwaruza. Ukiielekeza kwenye mwanga utaona kivuli cha uso wa Mwalimu Nyerere ndani ya karatasi, na uzi wa usalama uliopita ndani yake. Noti ya Shilingi 10,000 ina tembo, ya 5,000 ina kifaru, ya 2,000 ina simba, na ya 1,000 ina picha ya Mwalimu mwenyewe. Ipapase, iinue kwenye mwanga, iinamishe uone rangi zake zikibadilika, kisha ilinganishe na nyingine unayoijua. Lakini na tuseme kweli. Vidole vya mchumaji jioni vina utomvu na mafuta ya karafuu, mwanga umekwisha, nyuma yake wamesimama watu 20 wakingoja zamu. Kumwambia mtu huyo apapase na kutazama ni kumtwika mlinzi asiye na silaha kazi ya kulinda ghala. Wajibu ni wa anayelipa kabla ya kuwa wa anayelipwa.

Kuna khatari ya pili ya noti, ambayo haikuletwa na wenye kughushi. Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za zamani zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na noti ya Shilingi 500 ya mwaka 2010, zirudishwe zibadilishwe kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025. Baada ya hapo hazikuwa tena fedha halali. Aliyekuwa amezika akiba yake ya msimu katika mtungi au ndani ya godoro, asisikie tangazo lile, alibaki na karatasi iliyokuwa ya kweli ikageuka kuwa ya bure. Basi noti ya bandia humpoteza mtu, na noti halali iliyofichwa nayo yaweza kumpoteza.

KULIPANA KWA SIMU NA BENKI

Dawa tunayoipendekeza si ngeni. Tangu mwaka 2007 huko Kenya, na mwaka 2008 hapa Tanzania, watu wametumiana fedha kwa simu za mkononi. Leo Benki Kuu imeweka mfumo wa malipo ya papo kwa papo uitwao TIPS, ambao waziunganisha benki na kampuni za simu, hata fedha zikatoka kampuni hii zikaingia ile mara moja. Mwenye duka naye aweza kuwa na namba yake ya kulipwa, mnunuzi akalipa bila ya kutoa noti. Malipo ya namna hii hayaghushiki kwa karatasi na rangi. Tena yana jambo moja ambalo noti haina kabisa, nalo ni kumbukumbu: nani amelipa, kiasi gani, siku gani, saa ngapi. Mchumaji aliyelipwa kwa simu ana stakabadhi mfukoni mwake, na msimamizi hawezi kumwambia, "Nilikulipa pishi 12," ikiwa alimlipa 10.

Walakini sisi si wapiga debe wa kampuni za simu, na hatutaki wanachama wadhani kwamba simu haina maradhi yake. Yapo, nasi twayataja.

La kwanza ni ada. Mchumaji hawezi kununua samaki kwa Lipa Namba kwa mchuuzi asiyekuwa nayo. Hana budi aende kwa wakala atoe noti, na kutoa kuna makato. Wanachama wanakumbuka tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021, na manung'uniko yaliyofuata hata Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30 mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Makato yakiwa makubwa, watu hurudia noti, na hapana wa kuwalaumu.

La pili ni udanganyifu wa simu wenyewe. Nani hajapata ule ujumbe usemao, "Ile pesa itume kwenye namba hii"? Huo nao ni noti ya bandia, ila imevaa nguo nyingine. Wako pia wanaoonyesha ujumbe wa uongo kwamba wamelipa, ilhali hawakulipa. Muuzaji na atazame salio lake kwanza, asitazame simu ya mnunuzi. Na namba ya siri haipewi mtu, awe karani, wakala, au yule ajiitaye mkubwa wa kampuni.

La tatu ni haraka. Mwaka 2016 Serikali ya India ilitangaza usiku wa tarehe 8 Novemba kwamba noti za rupia 500 na 1,000 si halali tena, na moja ya sababu zake ilikuwa kuzipiga vita noti za bandia na fedha za magendo. Noti hizo zilikuwa karibu asilimia 86 ya thamani ya fedha zote mikononi mwa watu. Wafanya kazi wa kutwa na wakulima wadogo walisimama foleni siku nyingi, na mwishowe Benki Kuu ya India ikatangaza kwamba zaidi ya asilimia 99 ya noti zile zilirudi benki. Mnyonge aliumia sana kwa faida ndogo. Kwa hiyo sisi hatutaki noti ikatazwe mashambani. Twataka mlipwaji awe na hiari, na hiari yake isimgharimu kitu.

La nne, na hili lisisahauliwe, ni kwamba kulipwa kwa benki si sawa na kulipwa mapema. Wakulima wa korosho wa kusini walilipwa kwa akaunti za benki katika msimu wa 2018, Serikali ilipozinunua korosho yenyewe, na wengi walingoja muda mrefu uhakiki uishe. Njia ya malipo yaweza kuwa safi, na malipo yenyewe yakachelewa. Chama kisiridhike na la kwanza kikasahau la pili.

MAMBO TUNAYOYATAKA

Baada ya kuyapima hayo yote, twaona wanachama waweza kuanza msimu ujao kwa mambo matano, na hapana hata moja lenye kuhitaji sheria mpya.

Kwanza, mwenye shamba ambaye anauza kituoni na afungue akaunti au atumie simu kwa fedha kubwa za mauzo, asitembee na bunda. Fedha kubwa ndizo zinazovuta mwizi na mwenye kughushi pamoja.

Pili, wachumaji walipwe kwa namna mbili. Kila siku wapewe noti ndogo na sarafu za kutosha chakula na nauli. Baki iandikwe daftarini na ilipwe kwa simu mwisho wa juma. Hivyo makato hulipwa mara moja badala ya mara sita, na noti kubwa, ambazo ndizo zenye faida kwa mwenye kughushi, hazipiti shambani kabisa.

Tatu, ada ya kutolea fedha iwe juu ya mlipaji. Ikiwa mchumaji amestahili Shilingi 40,000, mikononi mwake zifike Shilingi 40,000 kamili. Mwenye shamba atakayeona hayo ni mzigo na akumbuke kwamba yeye ndiye anayeepushwa na khatari ya kulala na fedha za watu nyumbani.

Nne, malipo yaende kwenye namba ya mchumaji mwenyewe, wala si ya msimamizi, ya kaka, au ya mume. Wachumaji wengi ni wanawake, na fedha ikipita mikono mitatu hupungua kila mkono. Asiyekuwa na simu alipwe noti mchana, kabla ya jua kuzama, mbele ya shahidi, na mlipaji azikague noti zile mbele yake.

Tano, Chama kiombe tawi la Benki Kuu lililoko Zanzibar lilete wataalamu wake mashambani kabla ya msimu, Unguja na Pemba, wawaonyeshe wanachama na wachumaji alama za noti kwa noti zenyewe. Mkutano wa namna hiyo mjini haumfikii anayeuhitaji. Ufanywe kwenye uwanja wa kijiji, siku isiyokuwa ya soko, na wachumaji waalikwe kama wenye shamba.

Na ikiwa noti ya bandia imekwisha kumfikia mtu, na aipeleke benki au kituo cha polisi, aeleze alikoipata. Twajua inauma. Ndiyo maana twapendekeza kwamba noti ikigunduliwa siku ile ile ya malipo, na mlipaji ni mwanachama wetu, yeye ndiye aibadilishe, asimwachie khasara mchumaji wake. Halmashauri ya Chama ilizungumze neno hili katika mkutano mkuu ujao na ilipitishe kuwa desturi yetu.

Huko Mpanda wakulima wa mahindi wangojao lori, na huku kwetu wachumaji wangojao pishi zao zipimwe, wote wana haja moja: jasho la mchana lisigeuke karatasi usiku. Karafuu zetu zimepata sifa duniani kwa sababu tulikataa kuchanganya makonyo na karafuu safi, na aliyechanganya alirudishwa kituoni akazichambua tena. Fedha tunazowalipa waliozichuma nazo na ziwe safi vivyo hivyo.